Mkono Ulikuwa Wangu

Jumatano, 6 Novemba

Nimemkosea Ruffin. Niandike hivyo kwanza, nisije nikaanza kuzunguka na habari za mvua.

Nimemkosea vibaya. Amelala kasho kwa sababu yangu. Kasho – ndivyo wanavyoita mahabusu huku Kalemie.

Jana ilikuwa hivi. Darasa la Kiingereza limeisha, tunarudi mimi na yeye. Ruffin ni mwanafunzi wangu, fundi wa injini za maboti pale bandarini. Vitabu vya zile injini vyote vimeandikwa Kiingereza, ndiyo maana anasoma. Mimi nimebeba spika ya kanisa, ile tunayosikilizia mazoezi. Ni hiyo hiyo moja. Matone yakaanza. Nikakaza mwendo.

Tumefika kwenye kona ya ile ofisi ya serikali, filimbi ikalia. Bendera inashushwa. Barabara yote ikasimama! Pikipiki zimezimwa. Mama mmoja ana beseni la ndakala, dagaa wao, kichwani, kasimama kama nguzo, macho tu ndiyo yanatembea. Ruffin kasimama.

Mimi nikamshika kifundo cha mkono nikamvuta. Nikamwambia kwa Kiingereza twende, spika inalowa. Akaniangalia. Akasema polepole, Prof, tafadhali. Nikavuta tena. Tukaenda hatua mbili tatu. Hakunipokonya mkono wake. Huku mtu hampokonyi mwalimu wake mkono.

Polisi akatujia mbio. "Weye! Bendera inashuka, weye unatembea?"

Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema: samahani afande, mimi mgeni, Mtanzania, sijui taratibu. Huyu ndiye mwenyeji. Yeye ameniambia twende.

Yeye ameniambia twende. Nimesema hivyo. Kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Ruffin hakugeuka kuniangalia. Alisema tu, "Ni kweli, shefu."

Polisi akaniambia, "Papa, pita. Weye mugeni." Ruffin akaambiwa, "Kuja huku." Nikapita! Spika nimeificha chini ya shati. Haikulowa hata tone.

Halafu kuna hili, nalo niliandike. Eti sijui. Kwetu Kigoma bendera ikishushwa kituoni, unasimama. Nimesimama tangu nina kaptula ya shule. Najua. Nilikuwa najua.

Leo mchana wamemtoa. Walimlaza, asubuhi wakamlimisha nyasi za uwanja wao, basi. Nimesikia habari nikiwa nakula.

Na ninakula wapi? Kwa Papa Lambert. Kanisa ndilo lililonipangishia hapa. Binti yake Mireille ndiye mchumba wa Ruffin. Jumapili ya tarehe 17 watu wa Ruffin wanakuja hapa uani kujitambulisha, kumwomba rasmi. Siku kumi na moja tu.

Mungu wangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Amekuja darasani! Nilidhani hatakuja. Kafika wa kwanza kama kawaida yake, kafuta ubao. Shati limepigwa pasi. Nimeuangalia mkono wake, hauna alama. Sijui nilitaka kuona nini.

Nilipoingia wote wamesimama. Huku bado wanamsimamia mwalimu, watu wazima, wengine wana wajukuu. Mwezi wa tatu huu tangu nivuke ziwa na bado sijazoea. Leo nimetamani wakae.

Léontine, yule anayeuza mafuta ya mawese, mdomo wake hauna breki. "Ruffin! Ulilala oteli gani? Chai walikuletea ku kitanda?"

Darasa zima kicheko. Ruffin naye kacheka. "Oteli ya serikali, Mama Léontine. Imbu njo zilikuwa zinanihudumia." Imbu ni mbu, na njo yao ni ndiyo yetu.

"Na juu ya nini haukusimama? Masikio yako yalikuwa Nyunzu?" Maana Ruffin ni wa kule, walikimbia vita wakaja kukaa huku kwa shangazi yake.

"Nilikuwa na mawazo mingi," kasema. "Nilisahau."

Hakuniangalia. Nikageukia ubao nikaandika tarehe. Nimeiandika taratibu sana, tarehe moja.

Baadaye nimemshika mlangoni. Nikaanza: Ruffin, juzi... Kanikata. Kasema ilishapita, Prof. Weye mugeni yetu. Mugeni akipata haya, ni sisi wote tumepata haya. Kisha kashusha sauti: "Ile moja tu. Papa Lambert asisikie mbele ya tarehe kumi na saba. Ule muzee na bendera..." Katikisa kichwa.

Nikasema sawa.

Sawa! Mtu anakusamehe hujamwomba, wewe unamjibu sawa kama mtu amekusogezea chumvi.

Ijumaa, 8 Novemba

Amesikia.

Chakula cha jioni. Bukari, ndio ugali wao, ndakala, na sombe, ndio kisamvu. Nimeanza kuipenda sombe yao, ina mawese mengi. Papa Lambert kanawa mikono, halafu hakugusa chakula. Ni mzee wa reli, amestaafu, mtu wa maneno machache. Kila kitu chake kina mahali pake, hata kofia.

Kamuuliza Mireille: "Nimesikia Ruffin alitembea bendera ikishuka. Ni kweli?"

"Papa, watu wanasema."

"Siko nauliza watu."

Mireille akainamia sahani. Mama Hortense, mama yake, akasogeza bakuli lisilohitaji kusogezwa.

Basi mzee akasema. Sijawahi kumsikia akisema kwa urefu hivyo. Mdogo wake alikuwa askari. Alikufa vitani upande wa Pepa, wakamrudisha ndani ya sanduku, bendera juu. Wakasema msifungue. "Uso yake sikuiona. Niliona ile kitambaa tu. Basi kwa miye ile kitambaa njo uso yake. Sasa muntu anapita mbele ya uso ya ndugu yangu kama anapita mbele ya nguo ya kukauka – na huyo aje anikalie hapa, aniombe mutoto?"

Akanigeukia.

"Prof. Weye unarudiaka na ule kijana. Ulikuwa naye?"

Nikasema nilikuwa mbele kidogo.

"Na kwenu Kigoma, hamusimamaka?"

Nikasema... nikasema kwetu si sana, Papa.

Kaniangalia. Kisha akakata tonge. "Ah bon," kasema, kama sisi tunavyosema kumbe. Basi, akala.

Uongo wa pili, mezani kwake, samaki wake akiwa mdomoni mwangu.

Mireille kanyanyuka na sahani yake ikiwa imejaa. Mama Hortense kasema kesho atatuma neno kwa Mama Louise, yule shangazi wa Ruffin, kwamba wasisumbuke kuja. Kalisema akiangalia chini. Juzi tu alikuwa ananionyesha kitenge atakachovaa siku hiyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Umeme hakuna tangu asubuhi, kila mtu anailaumu Bendera kama vile Bendera ni jirani mkorofi. Nimechelewa kujua ni jina la mahali unakotoka umeme. Nilivyosikia "Bendera imetukosea tena" nilishtuka mpaka chai ikamwagika.

Nimempigia mke wangu kule Kasulu. Nikamwambia niko salama. Kauliza, umekonda? Nikasema hapana. Kasema sauti yako imekonda.

Neno limeshatumwa kwa Mama Louise.

Jumapili, 10 Novemba

Leo kanisani wameniita mbele. Mchungaji kasema ndugu yetu kaacha nyumba yake ng'ambo, anatufundisha bila mshahara, asimame atoe ushuhuda. Makofi. Vigelegele!

Nikasimama. Ruffin alikuwa kwenye benchi la nyuma na shangazi yake. Mireille kwenye kwaya, haimbi, anafungua tu mdomo. Papa Lambert mstari wa pili, kofia gotini.

Nilikuwa nayo. Naapa nilikuwa nayo hapa kooni. Ningesema tu: huyu kijana hana kosa.

Nikasema nawashukuru watu wa Kalemie kwa ukarimu. Nikasema mmenipokea kama ndugu. Nikatia na mzaha kuhusu salamu yao ya kugonganisha vichwa, kwamba mwezi wa kwanza nilikuwa naumwa kichwa. Wakacheka sana. Wakanipigia makofi tena.

Ruffin naye kapiga makofi.

Tulipotoka kaja kunisalimu. Kichwa kwa kichwa, kushoto, kulia, kushoto. Kama hakuna kitu. Nimesikia joto la paji lake.

Mimi ni mtu gani?

Jumanne, 12 Novemba

Darasa. Ruffin hayupo. Ubao haujafutwa, nimeufuta mwenyewe kwa mkono wa shati.

Kurudi nimepita kona ile ile. Nikasimama kabla filimbi haijalia. Watu wananipita wananishangaa, mzee huyu kasimama nini. Filimbi ikalia, tukawa wote. Nikaiangalia bendera ikishuka – ya buluu, na ule mstari mwekundu, na nyota. Mara ya kwanza kuiangalia kweli. Ina kiraka pembeni. Kuna mtu kaishona kwa uzi mweusi.

Ilipoisha, polisi yule yule kanijia. Anacheka. "Papa Mutanzania! Leo miguu ilisikia?"

Nikacheka na mimi. Nini tena ningefanya.

Kaniuliza: "Ule kijana anaendelea vizuri?" Nikasema sijui. Akasema ule kijana ni wa ajabu. Kamuuliza mara nyingi pale ndani, ni huyu papa alikuvuta? Anasema hapana shefu, ni miye. Ni huyu papa? Hapana shefu. "Papa, miye niko na macho. Niliona mukono yako."

Nikamuuliza sasa kwa nini hukunikamata mimi.

"Mugeni?" Kapunga mkono. "Mugeni ni rapport, ni simu kwa wakubwa, ni maneno mingi. Mwenye alikubali alikubali. Na weye haukurudi kusema."

Haukurudi kusema. Kalisema bila ubaya wowote, kama anavyosema leo hakuna mvua. Kanipa mkono, nikampa. Mkono ule ule.

Kumbe tunajua watatu. Wawili wamenyamaza kwa sababu zao. Mimi sababu yangu ni ipi?

Woga. Hakuna nyingine. Naogopa kanisa litanirudisha Kigoma. Nitashuka kwenye meli na begi langu, mke wangu ataniuliza mbona mapema. Niliondoka pale wakaniombea, wakanipa Biblia mpya. Mwalimu wa shule ya msingi, cheti cha daraja la A, umri wa miaka hamsini na mbili, hakuna mahali nimewahi kuitwa mtu wa maana. Hapa wananisimamia. Nilipenda. Naandika ukweli: nilipenda kuitwa Prof.

Alhamisi, 14 Novemba

Hayupo tena. Safari hii Léontine hakutania. Kasema Ruffin anaondoka Jumatatu na lori la Nyunzu. Anarudi kulima. Kauza vifaa vyake vya ufundi, hata spana kubwa aliyoachiwa na marehemu baba yake.

Nikauliza kwa nini anaondoka.

"Prof, weye uko unauliza?" Nikashtuka – anajua? Hapana. Kaendelea: "Njo unakaa mule ndani! Muntu anakataliwa muke mbele ya muji muzima juu ya bendera. Abaki bandarini achekewe? Watoto wanamupigia filimbi akipita. Filimbi! Anasimama, wanacheka."

Watoto wanampigia filimbi. Na anasimama.

Nilifundisha nusu saa tu nikawaachia. Wamesimama nilipotoka pia.

Nyumbani Mireille alikuwa anapiga pasi, ile ya makaa. Anafanya kazi famasi, lazima koti liwe jeupe. Mama yake hayupo, mzee hayupo. Nikajua ataniuliza. Nilitaka kupita haraka kwenda chumbani.

"Prof."

"Naam, Mireille."

"Mulikuwa wote wawili siku ile."

Nikasema ndiyo.

"Ruffin anasimamaka hata bendera ya shule ya watoto wadogo, ile ya kuchorwa. Nilikuwa namuchekelea. Sasa siku ile njo nini ilifanyika? Yeye anakataa kuniambia. Ananiambia tu, niliisha kusema nilisahau."

Nikasema kulikuwa na mvua.

Kapandisha pasi, kaiweka kando. Hakulia. Afadhali angelia. "Mvua inanyeshaka kila siku, Prof," kasema. "Ruffin anasimama."

Akarudi kwenye koti lake. Nikabaki nimesimama mlangoni, sijui niende wapi. Makaa yananusa. Nikasema Mireille... Kasema, "Chakula kimefunikwa pale." Basi.

Sikula.

Ijumaa, 15 Novemba

Mchana leo Papa Lambert alikuwa nyuma ya nyumba anakaza viti. Ana viti vyake vya mbao alivyovitengeneza mwenyewe kwa ajili ya ile Jumapili, miguu anaifunga waya isilegee. Nikashangaa – si ameshakataa? Viti vya nini? Sikuuliza.

Kaniita. "Prof, kuja unisaidie. Shika hapa."

Nikashika.

Akaanza hadithi, haniangalii, macho kwenye waya. Alishafika Kigoma. Zamani, na shemeji yake, walipeleka mawese. Nilikuwa sijui kama amewahi kufika kwetu, hakuwahi kunitajia. Kasema walikuwa wanapanda kutoka bandarini, jioni, filimbi ikalia karibu na kituo. "Watu wote, tuu! Njia muzima. Hata mbuzi moja ilikuwa kama inasimama." Kacheka kidogo. "Nilifurahi sana. Nilimwambia shemeji, angalia, kumbe hawa ni ndugu zetu."

Mimi nimeshika mguu wa kiti. Jasho linanitoka mpaka kidevuni.

"Vuta," kasema.

Nikavuta waya.

"Zaidi."

Nikavuta zaidi.

"Weye unajua kuvuta, Prof," kasema. Akachukua koleo akakata waya uliobaki, akageukia kiti kingine.

Tumemaliza viti vyote. Kanishukuru.

Anajua. Au polisi kamwambia, au amejumlisha mwenyewe pale mezani siku ile ya kwanza, aliposema ah bon. Wiki nzima ananipa chakula. Asubuhi ananiuliza nimelalaje. Wiki nzima ananisubiri! Heri angenipiga.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nimekwenda kwake mwenyewe. Asubuhi, kabla ya chai. Nimelala nikijiambia nisipoenda kabla ya chai, sitaenda.

Alikuwa anafagia chini ya mti wa ndimu. Nikamwambia, Papa Lambert, nina neno. Ile Jumanne, mimi –

Kanyanyua mkono. "Ngoja. Ni juu ya Ruffin?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi usiniambie miye."

Sikuelewa. Nikataka kuendelea, maneno yalishafika mdomoni.

"Miye sikulala kasho," kasema. "Ukiniambia huku nyuma ya nyumba, tutakuwa wawili wenye kuficha. Halafu utalala vizuri, miye sitalala. Hapana. Utasema pale yeye anasikia, na shangazi yake anasikia, na Mireille anasikia. Miye nitakuja kusikiliza kama wengine."

Nikamwambia lori linaondoka Jumatatu.

"Najua siku ya lori."

Kaegemeza ufagio. Nikamuuliza, nikisema, utamruhusu Ruffin amwombe Mireille? Utambulisho wa kesho utakuwepo?

Kasema yeye ana hasira mbili. Moja ilikuwa kwa Ruffin, hiyo anaweza kuishusha mwenyewe. Lakini kuna nyingine. "Kijana alidanganya kwa kukuficha weye. Nilimuuliza miye mwenyewe, akanidanganya alisahau, na ile bendera ni ya ndugu yangu. Alikuwa na heshima kwa mugeni kuliko kwa miye. Hiyo sijui. Nitamwangalia uso akisikia. Kiisha nitajua."

Kwa hiyo hata nikisema, huenda nimechelewa. Ndivyo ilivyo. Uongo wangu umemfanya na yeye awe mwongo, na sasa anahukumiwa kwa huo.

Nimeenda kwa mchungaji. Nimemwambia kesho sitafundisha watoto baada ya ibada, nina jambo kwa Mama Louise, na kwamba akishalisikia huenda hatanitaka tena. Kauliza jambo gani. Nikasema utalisikia kesho, njoo kama unaweza. Kanitazama kama mtu aliyemwona daktari akiumwa.

Halafu nikapitia bandarini. Ruffin alikuwa anaaga. Kavaa ovaroli bila vifaa mifukoni, inaonekana kubwa. Nikamwambia kesho tukitoka kanisani uwe kwa shangazi yako, nakuja. Kasema, Prof, usijisumbue, ilishapita. Nikasema haijapita. Kakunja uso. Kasema polepole, karibu ananisihi: "Ukisema sasa, watajua miye nilidanganya Papa Lambert."

Nikamwambia anajua tayari.

Boti moja ilikuwa inakataa kuwaka, jamaa wanaipiga mateke, wanamwita, Ruffin! Ruffin! Kaenda. Kakopa bisibisi kwa mtu. Sikusubiri kuona kama iliwaka, lakini nilipokuwa njiani nimeisikia.

Sasa ni jioni. Nimejaribu maneno hapa chumbani. Kila nikianza naanza na mvua. Au na spika. Au na kwamba mimi mgeni. Nimefuta yote. Kesho, Jumapili tarehe 17, tukitoka kanisani, kabla ya chakula cha mchana, nitakuwa uani kwa Mama Louise; watu wa hapa nyumbani nimeshawaalika. Mbele yake, mbele ya Ruffin na Mireille na mama yake na Papa Lambert, nitasema hivi: Ruffin alisimama. Mkono uliomvuta ulikuwa wangu. Neno lililompeleka kasho lilikuwa langu. Na kwetu tunasimama, nilijua. Basi. Sitasema nimechoka, sitasema nina watoto. Kisha, wanitake wasinitake, Jumatatu kabla ya lori nakwenda kwenye kona ile na polisi yule alisikie pia, aandike rapport yake kama anataka.

Saa yangu mpaka leo inasema saa ya Kigoma, saa moja mbele. Nilikuwa sitaki kuibadilisha. Nimeibadilisha.

Nje Papa Lambert anafunga viti kwa kamba, viwili viwili, vya kubebwa kichwani. Kwa Mama Louise viti havitoshi. Mama Hortense anauliza kitenge kipi avae, hajui kama ni sherehe au ni msiba. Mireille yuko naye, nasikia sauti yake lakini siyasikii maneno.

Mzee kaniita dirishani sasa hivi.

"Prof! Nimehesabu. Viti ni pungufu kimoja. Weye utakalia nini?"

Nimemjibu: Papa, mimi nitasimama.

Nasikia kamba inakazwa.